Tufunge hema wapi kando ya Kivu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Goma, mji wa mashariki ya Kongo kando ya Ziwa Kivu. Nalinakili jinsi alivyoliandika, na kwa wasomaji wa mbali: koko ni bibi au babu, yaya ni kaka au dada mkubwa, bashi ni turubai, buji ni mshumaa, moto ni pikipiki, na "juu" hapa ni "kwa sababu":

"Mwalimu, jambo sana. Tuko vijana 14 wa parokia, wengi wa Katoyi na Majengo. Kiangazi hii tunataka kulala usiku mbili kando ya ziwa. Tuko na hema tatu za kuazima na bashi moja. Wamoja wanataka upande wa Bulengo, juu moto inafika paka pale. Wengine wanataka kisiwa. Koko yangu anakataza Bulengo, anasema kuko mazuku, na mazuku ni roho za wafu. Yaya yangu anasema ile ni mambo ya zamani: uwashe buji chini, kama haizimike, mulale. Nani ana haki? Na kama si Bulengo, twende wapi?"

Dada, koko ana haki kuhusu Bulengo. Habari ya roho tutaifikia. Anayeniogopesha mimi ni yaya, kwa sababu kosa lake limevaa nguo za elimu.

Mazuku ni kaboni dioksidi, ile tuliyoiita shuleni gesi kaboniki, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Inatoka chini kabisa, kwenye uji wa mawe unaolisha volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, inapanda kwenye nyufa za lava na kutokea juu ikiwa baridi, bila moshi wala rangi. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida. Kwa hiyo inafanya kama maji: inateremka, inatafuta shimo, inajaa na kutulia humo. Himbi, Kyeshero, Bulengo, Lac Vert, hadi kule Sake, kuna mashimo ambayo katikati yake gesi hii inapita asilimia 90. Katika hewa tunayovuta kila siku haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ikifika kama asilimia 10, mtu mzima anapoteza fahamu kwa dakika chache. Ikizidi sana, ni pumzi chache tu.

Sasa fikiria nani anakufa kwanza kwenye mazuku. Ni panzi, kuku, mbuzi, mbwa, halafu mtoto: wote ambao pua zao ziko karibu na ardhi. Mtu mzima anaweza kukatiza shimo hilo hilo akiwa amesimama, gesi ikimfika magotini, asijue kitu. Anainama kumwokota mbuzi aliyeanguka, naye anaanguka. Wa pili anakimbia kumwokoa wa kwanza. Ndiyo sababu mara nyingine wanakutwa wawili au watatu pamoja.

Na mtu aliyelala kwenye hema? Pua yake iko sentimita kumi au kumi na tano kutoka ardhini, kwa saa nane, macho yamefungwa, na hema yenyewe inazuia upepo. Mzee mrefu wa miaka 60 akilala chini amekuwa sawa na mbuzi. Nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe, na kitanda chenye miguu, vinampa mtu nafasi kidogo. Hema haimpi nafasi yoyote.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowadanganya hata watu makini. Mazuku ina saa zake. Mchana jua linapasha ardhi moto na upepo wa ziwa unaitawanya. Usiku upepo unalala, hewa inapoa, gesi inaanza kujikusanya, na alfajiri ndipo inakuwa nyingi kuliko saa zote. Ninyi mtakwenda kutazama kiwanja saa nane mchana, siku ya Jumamosi. Mtakuta majani mabichi, watoto wanacheza, pengine mama analima viazi pembeni. Mtasema: hapa ni pazuri. Mtakuwa mmeona mahali pengine kabisa kuliko pale mtakapolala.

Yalinikuta mwenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa watatu, tumebeba vifaa vya kupimia, na jioni tukataka kulala mbele kidogo ya Kyeshero. Upepo wa ziwa ulikuwa unatusumbua, basi tukashuka kwenye kibonde kimoja cha lava chenye nyasi laini kama godoro. Tuliweka taa ya mafuta chini. Ikafifia, ikazimika. Mwenzangu akasema mafuta yamekwisha, akainyanyua, akaitikisa karibu na sikio, ikasikika imejaa. Akaiwasha ikiwa mkononi, ikawaka vizuri. Akairudisha chini, ikazimika tena. Hakuna aliyesema neno. Tulibeba magodoro yetu juu ya ukingo, kwenye upepo ule ule tuliokuwa tunaukimbia, tukatetemeka mpaka asubuhi. Na kumbuka, sisi ndio tuliokuwa tunalipwa kuijua gesi hiyo.

Sasa utasema: si taa iliwaokoa? Basi buji ya yaya inafanya kazi. Hapana, inafanya nusu ya kazi. Buji ikizimika, kimbia, imekwambia kweli. Isipozimika, haijakwambia kitu. Moto unahitaji oksijeni tu, na oksijeni inaweza kumtosha moto wakati kaboni dioksidi imeshaanza kumharibu mtu, maana gesi hii inaingia kwenye damu na kuichachusha hata kama oksijeni bado ipo. Kwenye asilimia 5 buji yako inawaka, na wewe kichwa kinauma, unahema, moyo unakimbia. Tena buji ya saa kumi na mbili jioni haijui hewa ya saa kumi alfajiri. Yaya hawezi kukesha akiwa ameinama na buji mkononi usiku kucha.

Kuhusu koko, mimi sitabishana naye. Sikiliza anachokufundisha kwa kutumia neno roho: kuna mahali panaua bila jeraha, panaua alfajiri, panachukua wadogo kwanza, na ukimfuata aliyeanguka unakwenda naye. Hayo yote ni sahihi kabisa. Vifaa vyetu viliongeza tarakimu tu. Watu wa kando ya ziwa walikuwa wanajua mashimo yao kwa majina kabla chuo kikuu chochote hakijafika, na neno lenyewe, mazuku, wataalamu wa Ulaya wamelichukua kutoka kwenu na wanaliandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo kanuni ya Goma inakwenda kinyume na kawaida ya kwingine. Kwingine mtu anatafuta bonde dogo lenye nyasi, lililojificha na upepo. Hapa kwetu bonde dogo lenye nyasi lililojificha na upepo ndilo la kukimbia. Tafuteni mgongo wa kilima, mahali panapopigwa na upepo, penye mteremko wa kutoka pande zote. Mkikuta panzi au ndege wamekufa bila sababu, ondokeni. Mkikuta wenyeji wamezungushia shimo mawe au miiba, ondokeni. Waulizeni mama wanaolima hapo, si vijana wa moto: mama anajua mbuzi wake alifia wapi. Mapango na mahandaki ya lava, ambayo najua vijana wenu watataka kuingia na simu kupiga picha, hapana kabisa. Na shimo la choo, kama mtachimba, lichimbeni mbali na mahali pa kulala, na mtu asiingie ndani kuokota kitu kilichoanguka.

Hata hivyo, jibu langu fupi ni hili: kati ya Goma na Sake, kwenye lava, msilale chini ya hema. Si Bulengo tu. Mchana nendeni, ogeleni, pikeni, imbeni, rudini nyumbani kabla ya magharibi.

Nendeni Idjwi. Si kwa sababu kisiwa kinapendeza zaidi (kinapendeza), bali kwa sababu ya mawe yake. Mazuku ni ugonjwa wa ukanda wa lava wa kaskazini. Idjwi ni mwamba wa kale, mkongwe kuliko volkano zote za Virunga. Hapo zamani maji ya nchi hii yalikuwa yanatelemka kuelekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano zikaota, zikaziba bonde, maji yakapanda mpaka yakapata mlango wa kusini, ule wa Ruzizi pale Bukavu, na tangu hapo yanakwenda Tanganyika. Kwa hiyo visiwa vingi vya Kivu ni vichwa vya milima iliyofunikwa na maji. Idjwi ni mkubwa wao wote, una urefu wa karibu kilomita 40, na katika Afrika, kwa visiwa vya ndani ya maziwa, unazidiwa na Ukerewe ya Tanzania tu.

Hayo ya milima kuzama yana maana kwenu kwa mambo mawili. Kwanza, tambarare ni haba. Ile michache iliyopo imelimwa kahawa, ndizi, nanasi na mihogo, na kila kipande kina mwenyewe. Mkifika, mtu mzima mmoja na wewe mwende kwa shefu wa kijiji kabla ya kufungua mzigo. Semeni mko wangapi, mtalala usiku mingapi, mtaokota kuni wapi. Uwanja wa shule au wa kanisa ndio bora kuliko ufuko: umeinuka, umesafishwa, una choo, na kuna watu wanaolala karibu. Kumbuka pia kwamba Idjwi ni Kivu ya Kusini, kila mmoja awe na karatasi zake. Njia na bandari zetu zinafunguliwa na kufungwa, kwa hiyo ulizeni wiki ile ile ya safari, tena ulizeni watu wanaosafiri, si watu wanaosikia.

Pili, ukingo unakatika ghafla. Ziwa hili lina kina kinachofika karibu mita 485, na mahali pengi hatua tatu kutoka kwenye jiwe unalosimama maji yameshapita kichwa. Kati ya vijana 14 wa Goma, nafikiri hamko hata watano mnaojua kuogelea kweli, hata kama wote mmezaliwa mnaliona ziwa. Wekeni kamba, wekeni bidoni (madumu) tupu za manjano zilizofungwa vizuri, na mmoja asiingie majini kazi yake iwe kuhesabu vichwa. Chagueni mawe, si matete: kwenye matete na matope ndiko wanakoishi konokono wa bilharzia. Watu watakwambia Kivu haina bilharzia. Ipo, katika baadhi ya fukwe.

Ndiyo, najua swali linalofuata, maana kila mara linaulizwa: na gesi iliyo ndani ya ziwa? Iko, nyingi mno, kaboni dioksidi na methani, na wenzetu wa Rwanda tayari wanatengeneza umeme kwa hiyo methani. Lakini imefungwa chini, kwenye maji mazito, kina cha mamia ya mita. Muogeleaji haigusi. Kilichotokea Nyos, Cameroon, tarehe 21 Agosti 1986, ambapo watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja, ni ziwa zima kupinduka. Hilo ni jambo la wanaolinda mji mzima, si la kuamua mahali pa hema tatu. Ghuba ya Kabuno tu, kule karibu na Sake, ndiyo ninayowaambia vijana waikwepe kwa kuoga, kwa kuwa kule gesi imelala karibu zaidi na juu.

Safari ya majini inanipa wasiwasi kuliko kulala kwenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, asubuhi, watu waliokuwa wamesimama nchi kavu wakiiona. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa wakiwa karibu kufika. Basi: kila mtu na jile yake (koti la kuelea), imefungwa kifuani, si kukaliwa kama mto. Ondokeni asubuhi ziwa likiwa limetulia, maana upepo wa mchana unainua mawimbi haraka. Mkikuta boti imejaa, mwachieni Mungu nauli mliyolipa, mshuke. Kurudi usiku hapana, hata kama mtu ana kazi Jumatatu.

Wengine wenu watasema Idjwi ni mbali, twende Minova au Kalehe kwa barabara. Inawezekana, mawe ya huko si lava pia. Ila msilale kwenye mdomo wa mto, pale penye mchanga na mawe ya mviringo panapoonekana kama pametandikwa kwa ajili ya hema. Mto ndio uliopatandika. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua iliteremsha mlima juu ya Nyamukubi na Bushushu, vijiji vya Kalehe, zaidi ya watu 400 wakafa. Kiangazi hatari inapungua. Haiondoki.

Na kiangazi chetu chenyewe kina mvua ya kuibia. Radi za nchi hii si za mchezo: katika hesabu zilizofanywa kwa setilaiti, Kabare, hapo juu ya Bukavu, ilitoka ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, radi 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake nayo imo kwenye orodha ya walioongoza Afrika. Nilikwambia utafute mgongo wa kilima, sasa nakwambia usiwe kitu kirefu juu ya mgongo huo. Funga hema chini kidogo ya kilele, mbali na mti wa pekee, hasa mkaratusi. Ngurumo ikianza, wote ndani ya shule au kanisa, hema ibaki peke yake.

Bashi yenu moja msiilalie chini, itundikeni juu ya hema iliyo mbovu kuliko zote. Mimi nikiona bashi nakumbuka mengine, na nadhani kila mtu wa Goma ni hivyo. Kwetu neno kambi halina harufu ya likizo. Kuna vijana kwenye kikundi chako ambao wamewahi kulala chini ya bashi miezi au miaka, si kwa kupenda. Ulizia polepole kabla ya safari. Pengine mmoja atapenda kulala darasani, na asiulizwe kwa nini.

Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani ya siku ya kwanza, yanayofuata chemsheni. Kipindupindu hakijawahi kuyaaga maziwa yetu. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,460 maji yanachemka yakiwa na nyuzi kama 95, si 100, lakini yakitokota vizuri dakika moja au mbili yanatosha. Ya mvua msikinge karibu na volkano: moshi wa Nyiragongo unayatia floridi, ndiyo ile inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia.

Mbabula, jiko la makaa, isiingie ndani ya hema, hata dakika moja, hata makala yakiwa yameshakuwa mekundu bila moshi. Hiyo ni gesi nyingine, monoksidi ya kaboni. Baridi ya usiku iondoeni kwa nguo, soksi na kulala watano watano. Na viatu vifungwe: hata Idjwi nyasi zinaficha mawe. Mkikuta chuma msichokijua, kiwe kidogo namna gani, msikiguse. Mwiteni shefu.

Chakula hamtapata shida. Jioni mtasikia wavuvi wakiimba, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji. Wanavua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, na sambaza mwenyewe ni mgeni: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mbalamwezi ikiwa kali hawapati kitu, basi tazameni kalenda mkipanga tarehe. Giza lenu ndilo soko lao. Asubuhi mapema mteremke pwani na sahani, mnunue wakiwa bado wanang'aa, mkaange na chumvi tu, mle na bugali.

Koko mletee nanasi la Idjwi. Yaya mwachie abebe buji, mtaihitaji kwa sala ya jioni.